Paa la Mita Tatu na Nusu

Jumamosi saa mbili asubuhi, fundi wa meno ya bandia alikuwa amepiga magoti kwenye kiwanja cha mpira cha shule, akitoa droni yake kwenye begi. Kucha zake zilikuwa na plasta nyeupe ya kutengenezea meno, ile isiyotoka kwa sabuni. Dada yake alikuwa amekaa nyuma yake kwenye kiti cha kukunja, miwani puani, karatasi ya orodha mkononi. Alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na bado alisoma orodha kama mtu anayesubiriwa na daktari.

"Betri."

"Imejaa."

"Sijauliza kujaa. Imebana?"

Akaibonyeza. Ikalia tak. "Imebana, dada."

"Mapanga."

"Yamekaza."

"Kadi ya kumbukumbu."

Fundi akapapasa mfuko wa begi. Kadi ilikuwa nyumbani, kwenye kompyuta, mahali ilipobaki Jumamosi iliyopita pia. Dada akaandika sifuri, akaendelea.

Kabla ya orodha hiyo, fundi aliwahi kurusha droni na kifuniko cha kamera kikiwa bado kimefungwa, akarekodi dakika kumi na nane za giza. Aliwahi kufunga kinyume yale mapanga ya kuirusha, droni ikapinduka palepale na kuchapa majani kama mende aliyelala chali. Lakini dada hakuanza kumkagua kwa sababu ya droni. Alianza miaka sita nyuma, nyumba yao ilipobomolewa ili pajengwe maegesho ya magari ya hospitali. Halmashauri ilisema barua ya ilani ilifikishwa siku tisini kabla, ikapokelewa na mwanamume wa nyumba ile. Mwanamume alikuwa mmoja tu. Fundi alipekua makoti yote aliyobaki nayo, akapekua na mifuko ya plasta kazini. Hakukumbuka kuipokea barua. Lakini alijijua, na alijua kwamba mambo mengi aliyowahi kuyafanya hayakumbuki. Dada alipomuuliza, akajibu, "Labda."

Neno hilo walihama nalo hadi kwenye vyumba viwili vya kupanga. Mama yao alitolewa ndani na godoro lake, akalazwa pembeni ya ukuta wa jirani, na hakuumaliza mwaka. Tangu hapo dada akawa anamkagulia mdogo wake kila kitu: gesi, funguo, vidonge vya presha. Hakuwahi kumfokea. Alikuwa anauliza tu, na fundi alikuwa anajibu tu.

Mstari wa mwisho kwenye orodha ulikuwa nukta ya nyumbani, yaani mahali ambapo droni itarudi yenyewe betri ikiisha. Walipoufikia, simu ya fundi ikaita. Mteja alitaka kujua kama meno yake ya chini yatakuwa tayari kabla ya harusi ya mwanawe. Fundi akazungumza naye, akamaliza, akawasha rimoti. Dada alidhani mdogo wake ameshaweka nukta, naye alidhani dada ameshauliza. Droni ikapaa.

Iliruka vizuri kwa dakika kumi na moja. Betri ilipokaribia kuisha ikajigeuza, ikakivuka kiwanja bila kushuka, ikashika njia ya mjini.

"Inakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Fundi akatazama rimoti. Kwa kuwa mpya haikuwekwa, nukta iliyokuwemo ilikuwa ya kwanza kabisa, ya wiki aliyoinunua droni, alipoirusha akiwa juu ya paa lao. "Kule kwa zamani," akasema.

Dada akakunja kiti, wakaanza kutembea. Walipofika nusu ya njia rimoti ikaandika kwamba droni imetua salama, urefu mita tatu na nusu kutoka chini.

Kiwanja cha nyumba yao ya zamani kilikuwa kimezungushiwa mabati na bango la maegesho, ambayo mpaka siku hiyo hayakuwa yamejengwa. Ndani kulikuwa na nyasi na vipande vya matofali. Mlinzi aliwafungulia geti bila kuulizwa.

"Mmefuata kile kidude? Kipo juu ya paa."

Droni ilikuwa imetulia hewani, chini yake nyasi tu, miguu yake minne imekanyaga, imeinama kidogo upande mmoja kama kitu kilichowekwa kwenye mteremko. Taa yake nyekundu ilikuwa inapepesa.

"Hili paa umelijua lini?" fundi akauliza.

"Tangu nipewe lindo hapa. Mvua ikinyesha nasimama pale, upande wa mbele. Upande wa nyuma panavuja."

"Pale ni jikoni," dada akasema. "Pamevuja siku zote."

Mlinzi akavuka barabara, akaazima ngazi kwa mafundi umeme. Waliiegemeza mahali ambapo hapakuwa na kitu, ikashika. Dada akaitikisa mara mbili kuhakikisha. "Pitia upande wa sebuleni," akasema. "Ule mwingine bati limeoza."

Fundi akapanda. Bati likalia chini ya goti lake kwa ile sauti aliyokuwa akiisikia akitengeneza tanki la maji. Karibu na ukingo mkono wake uligusa spana aliyoitafuta miezi mingi kabla ya kubomolewa. Akaitia mfukoni, akachukua droni, akashuka.

"Likoje?" dada akauliza.

"Misumari imeshika kutu. Mbao nzima."

Dada akasimama chini ya paa kwa muda, mkono juu, vidole vimenyooka kuelekea bati. Kisha akamrudishia mlinzi ngazi na kumshukuru.

Jumatatu walikwenda ofisi ya ardhi. Dada alitaka kuuliza swali moja: nyumba ambayo paa lake bado lipo, inahesabika imebomolewa? Afisa alisikiliza akiwa anachovya biskuti kwenye chai.

"Kama paa lipo, basi kazi haikukamilika," akasema. "Ngoja nitoe faili."

Fomu ya kubomoa ilikuwa juu kabisa. Ilikuwa na hatua kumi, na kila hatua ilikuwa na tiki. Dada alisoma karatasi hiyo ikiwa imegeukia upande wa pili, alivyozoea kusoma faili za wagonjwa mikononi mwa madaktari. Tiki zote kumi zilikuwa za kalamu moja, zimeshikana mikia, mkono haukuinuliwa. Nyuma ya fomu kulikuwa na bahasha yenye jina la mama yao. Haikuwa imefungwa kwa gundi. Ndani kulikuwa na barua yenye muhuri, na nakala yake.

"Hii ni nini?"

Afisa akaisoma. "Ilani."

"Ile iliyofikishwa?"

"Inavyoonekana," afisa akasema, akiigeuza nyuma na mbele, "mhusika alisahau kuituma."

"Lakini hapa pana tiki."

"Tiki ipo," afisa akakubali.

"Na sahihi ya mwanamume aliyepokea?"

Wote watatu wakatazama kisanduku cha sahihi. Kilikuwa cheupe.

Fundi akarudi kwenye benchi la wanaosubiri, akakaa. Mama mmoja akasogea kumpa nafasi. Alikaa na mikono yake yenye plasta juu ya magoti, akiitazama kama ya mtu mwingine.

"Kwa hiyo sikuipokea," akasema.

"Hukuipokea, mdogo wangu," dada akasema kutoka dirisha la huduma. "Hukuipokea." Akamgeukia afisa. "Kule kwetu upasuaji, ukiweka tiki bila kuhesabu, kitambaa kinabaki tumboni mwa mtu."

"Ni kweli kabisa, mama. Na pole sana." Afisa hakuwa mtu mbaya. "Tatizo ni kwamba rufaa inakatwa ndani ya siku thelathini tangu ilani ifike."

"Haikufika."

"Basi siku hazijaanza. Na siku zisipoanza, siwezi kupokea rufaa."

"Nipe ilani sasa, zianze."

"Ya nyumba gani? Nyumba haipo." Afisa akafikiri, uso ukamchangamka kidogo. "Lakini paa lipo."

Akachukua fomu mpya. Akaandika kwamba kwenye kiwanja cha halmashauri kuna paa lisilo na nyumba wala kibali, na kwamba litaondolewa baada ya siku saba. Akamwita fundi, akampa barua mkononi, akamwonyesha pa kutia sahihi, akaupuliza wino ukauke. Alionekana kuridhika kwamba safari hii imefanyika ipasavyo.

Siku hiyohiyo dada aliandika rufaa ya kurasa nne, akaipeleka mwenyewe. Karani wa mapokezi akaipiga muhuri, akaweka tiki, akaitia kwenye faili.

Siku ya nane wafanyakazi walikuja na lori, nyundo na mitalimbo. Fundi alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mlinzi alisogeza kiti chake ili vumbi lisimfikie. Wanaume wawili wakapanda ngazi, wakaanza kung'oa, na bati likapiga kelele mtaa mzima. Wengine walipokea chini, wakatembea wawili wawili kwa hatua fupi, mabega yameinama, mpaka kwenye lori. Aliyechomwa na msumari akatukana, akanyonya kidole, akaendelea. Ndani ya lori hakukuwa na kitu cha kuonekana, lakini springi zilishuka, zikashuka tena. Afisa alikuwa kwenye kiti cha mbele, mlango wazi, anajaza fomu. Dada alimwona akipitisha kalamu kutoka juu hadi chini mara moja.

Walisimama yeye na mdogo wake kando ya matofali.

"Miaka sita nilidhani ni wewe," dada akasema.

"Hata mimi nilidhani ni mimi."

"Mama naye alikuwa anadhani hivyo."

"Najua. Aliniambia amenisamehe."

Dada akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena ikiwa na ukungu uleule.

Lori liliwaka, likafika kwenye geti, likakwama. Magurudumu ya nyuma yalizunguka kwenye udongo mlaini, moshi ukajaa. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Jamani, mzigo mzito huu! Mtusaidie!"

Wafanyakazi wakaenda nyuma. Mlinzi akaenda. Fundi akamtazama dada yake, kisha naye akaenda, na dada akamfuata, akajipenyeza kati yake na mlinzi.

"Weka bega, siyo mikono," akamwambia. "Utajiumiza kiuno."

Akaweka bega. Dereva akahesabu mpaka tatu, wakasukuma wote pamoja, na lori likatoka.