Kikapu Kisicho na Kitako

Tangu Bula Matari, serikali ya wazungu, afunge kinamasi cha karibu na Mboko, mwaka wa hamsini na tano, watu waliruhusiwa kuingia kutazama ndege tu. Hakuna kuvua, hakuna kukata matete. Watu walicheka sana: tangu lini mtu mwenye akili zake akaenda majini kutazama? Pulchérie hakucheka. Macho yake yalikuwa yakififia, na mganga wa dispensari alishasema kwamba mvua zijazo hazitamkuta akiona. Alitaka awaone tena ndege wa ushungi, mara moja tu, palepale alipovua tangu ujana wake.

Binti yake Marthe akamshika mkono, wakaenda. Ila mama alibeba kikapu chake cha kuvulia, na mlinzi Anatole, kijana wa kwao kabisa, akawazuia. Amri ni amri, kikapu kibaki nje. Pulchérie akakataa katakata. Kwa bamama wa pale, mwanamke anayekwenda majini mikono mitupu ni yule anayekwenda kujitupa. Yeye, na uzee wote huo, asianze leo kutembea na mkosi. Marthe alimsihi, akanuna, akamwambia ana kichwa kigumu. Wapi! Jua likapanda, nao wamesimama tu kama mbuzi wa sokoni. Marthe alikasirika, lakini zaidi aliogopa. Wakirudi nyumbani leo, siku nyingine huenda isiwepo.

Mwishowe Pulchérie akamwomba Anatole kisu. Kikapu kile alikisuka mwenyewe mwaka alioolewa. Akaketi chini, akapapasa kitako cha kikapu, akakikata chote. Marthe alitazama kando. Kisha mama akapitisha mkono ndani ya kikapu juu mpaka chini, akamwuliza Anatole:

“Sasa kikapu hii iko nashika nini, mutoto wangu?”

Anatole akachukua kisu chake, akawapisha.

Ndege wa ushungi walikuwa karibu, wakikanyaga tope polepole. Pulchérie akawatazama mpaka machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Lakini mazoea yana taabu: akainama, akazamisha kikapu, akakiinua. Maji yakamwagika, na kambale mmoja akapita nayo, akaponyoka miguuni pake. Marthe akadhani mama atahuzunika.

“Miaka yote mi niliona samaki ya kula tu,” akasema Pulchérie. “Leo nimeona yenye kuenda zake.”

Akazamisha tena.