Chupa ya Asilimia Tatu

Sina haja ya kuficha: nilikuwa na wivu, tena wivu wa kunikosesha hamu ya kula.

Miaka ishirini na miwili nafundisha kemia katika mji wetu huu mdogo, jimbo la Saskatchewan, Kanada. Nimewafundisha hata wazazi wa hawa watoto. Septemba akatua Joelle Gaudet, binti wa miaka ishirini na sita, buti nyekundu, kicheko cha kusikika hadi uwanja wa hoki. Mimi naandika milinganyo ubaoni, watoto wananakili. Yeye anawavalisha miwani, anawagawia siki, magadi soda na misumari, anawaambia, "Haya, changanyeni, pimeni, kisha mniambie kimetokea nini." Kelele zao nazisikia kupitia ukutani, na darasani kwangu mtu anapiga miayo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajisemea. Ila kidonda chenyewe kilikuwa kifuani kwangu.

Januari mwalimu mkuu, Bwana Wiebe, akatuita. "Wanafunzi wamepungua. Mwakani kutakuwa na darasa moja tu la kemia. Jumamosi ya wazazi, kila mtoto ataandika jina la mwalimu anayemtaka. Atakayepata kura chache atahamia hisabati ya wadogo."

"Bi Lorna, darasa ni lako wewe," Joelle akaniambia tulipotoka. "Mimi bado najifunza."

Mnafiki mkubwa, nikasema moyoni. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa mnafiki.

Siku ya pili akaja kwangu, maana ufunguo wa stoo ya kemikali ninao mimi. "Naomba ile peroksaidi kali, ya asilimia thelathini. Jumamosi nawaonyesha wazazi ile 'dawa ya meno ya tembo', nataka povu lipande hadi watu wakimbie!"

"Usihangaike, mwanangu. Nitakuandalia mwenyewe."

Ijumaa mchana, wenzangu wakila, nikajifungia stoo. Nikavaa glavu na miwani. Hata uovu una taratibu zake. Nikapima sehemu moja ya peroksaidi kwa sehemu tisa za maji, nikamimina kwenye chupa ya kahawia, nikaifunga, nikaiweka mezani kwake. Kisha nikaenda kunywa supu yangu ya kabichi, na siku hiyo ilishuka vizuri.

Jumamosi maabara ilifurika. Wazazi na vikombe vyao vya kahawa, watoto mbele. Joelle akamimina ile dawa kwenye silinda ndefu ya kioo, akatia sabuni ya vyombo, kisha hamira iliyokorogwa kwenye maji ya uvuguvugu. "Rudini nyuma!"

Wakarudi nyuma. Povu likajikokota, likachungulia mdomoni mwa silinda, likaishia hapo.

"Ndiyo dawa ya meno ya tembo hiyo?" baba mmoja akapayuka. "Mbona hata panya haimtoshi!"

Watu wakaangua kicheko. Joelle akaiva uso mzima. Lo, nilivyofurahi! Naona aibu kusema, lakini nilifurahi.

Tegan Friesen, msichana ambaye hajawahi kuacha kitu bila kukichokonoa, akainyanyua chupa. "Mwalimu Gaudet, mbona hapa imeandikwa asilimia tatu? Tarehe ya jana. L.P."

Mama yangu! Mkono wangu huu! Tangu nianze kazi sijawahi kuchanganya kitu nikaacha chupa bila lebo: nguvu yake, tarehe, herufi za jina langu, Lorna Petryshyn. Nilipokuwa napanga kumwaibisha mwenzangu, mkono uliandika wenyewe, na kalamu sikumbuki hata kuishika. Naye Joelle aliniamini, ndiyo maana hakusoma.

Akaitazama ile lebo. Akanitazama mimi. Nikangoja kuvuliwa nguo.

"Nilijua mtaigundua tu!" akasema. "Mimi na Bi Lorna tulianza na dhaifu kusudi. Sasa anatuletea kali. Kabla hajarudi, niambieni: povu litapanda mara ngapi zaidi, na kwa nini?"

Watoto wakaanza kubishana, wanahesabu kwa vidole. Nikaenda stoo, nikaileta chupa kali. Povu likaruka hadi karibu na taa, wazazi wakapiga yowe, wakatupigia makofi sote wawili.

"Yameisha, Bi Lorna," Joelle akaninong'oneza. "Hatutayazungumza tena."

Na hapo hapo, badala ya kushukuru, wivu ukanikaba upya. Hata ubaya wangu aliufundishia vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha kwa wema wangu.

Kwenye meza ya majina Tegan akanizuia, kalamu mkononi, foleni nzima nyuma yake. "Mwalimu Petryshyn, lile la chupa mbili lilikuwa wazo lako, eti? Lilikuwa moto! Kama ni lako, naandika jina lako. Na hawa wote wananifuata mimi."

"Kweli tupu!" wenzake wakadakia.

Bwana Wiebe alikuwa anatabasamu. Joelle alikuwa kwenye sinki anasuuza silinda, hakugeuka. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka kusema ndiyo.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Ile chupa ya kwanza niliitia maji ili mwenzangu ashindwe mbele yenu."

Tegan akainama, akaandika Gaudet, akampa kalamu aliyemfuata. Nilisimama pale pale hadi alipoandika wa mwisho.