Aliyetoka Kwenye Tanuri la Hénock

Jumamosi alasiri Yolande alikuwa akipanga viti vya kuazima parokiani katika sebule ya mama yake, Laeken, ughaibuni, huku simu ikiegemea chupa ya Fanta. Siku hiyo mama huyo, Maman Rolande, mjane wa Papa Kalenga, angevua nguo nyeusi. Kwao Kolwezi nguo hiyo haivuliwi hivi hivi. Kaburi liwe limekwisha kujengewa, kisha mtoto wa kiume wa kwanza atamke mbele ya ukoo: "Maman, vua." Picha ya kaburi ilikuwa mezani, vigae vya buluu, limefagiwa vizuri. Aliituma Tonton Sultani, mdogo wa marehemu, na ukoo mzima ulimpigia makofi.

Mtoto wa kwanza, Hénock, alikuwa China, akisomea uzamivu wa betri katika chuo kikuu cha ufundi. Tanuri lake la kuoka unga wa betri haliachwi peke yake, kwa hiyo angetamka kwa simu, akiwa maabara. Sultani naye, akiwa Kolwezi, alikuwa kwenye simu hiyohiyo, katika kidirisha chake pembeni.

Wakiwasubiri mashangazi, Hénock aliwatembeza. Aliwaonyesha hadubini ndefu kama kabati, imejengewa msingi wake yenyewe ili hata lori likipita nje isitikisike. Aliwaonyesha masanduku ya kioo ambamo watu huingiza mikono tu, ndani ya glavu, maana hewa ya kawaida huharibu vilivyomo. Yolande alijaa fahari. Katika nyumba ya wazee anakofanya kazi, Berchem, hakuna asiyejua habari za maabara ya kaka yake.

"Na huu unga ni kobalti," Hénock alisema. "Inatokaka kwetu."

Mashangazi walipokwisha kuketi, tanuri likalia. Hénock akalifungua, na Papa Kalenga akatoka. Alikuwa amevaa ovaroli nyeupe na kofia ya kufunika nywele, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa katika chumba kile bila hivyo. Profesa wa Hénock akamletea kiti, akamwomba asikae karibu na hadubini.

"Jambo yenu," Papa Kalenga alisema. "Rolande, unakonda."

"Njo kazi ya huku, ndiyo inanikondesha. Na weye, bamekuvalisha bonnet ya bibi-arusi."

Mashangazi wakacheka kidogo. Hénock akamuuliza baba yake amefikaje. Papa Kalenga alieleza bila haraka. Chini ya makaburi kulikuwa na mawe mazuri, ya kobalti. Mashine zilipofika, Sultani aliulizwa kwa niaba ya ukoo, akakubali, akapewa kazi ya kulinda geti la mgodi. Mifupa na mawe vilipanda lori moja, vikapanda meli moja hadi China. Lile kaburi la vigae vya buluu lilikuwa la fundi cherehani mmoja, mtu mwema, upande ambao mashine hazijafika.

Yolande akashika mgongo wa kiti. Habari ya tanuri haikumshtua. Kilichomshtua ni ile picha, iliyokuwa kwenye kioo cha simu yake tangu itumwe. Kila asubuhi ndani ya tramu alikuwa akisali mbele yake, kumbe anamweleza mtu asiyemjua habari zote za nyumbani.

"Papa," Hénock alisema, "alors ule unga niko nasaga miezi yote hii..."

"Njo miye. Unasagaka muzuri, mwana. Haukuniumiza."

Kidirisha cha Sultani kikawa cheusi. Mashangazi walimwangalia Hénock, wakingoja neno. Pasipo kaburi, neno lile halisemwi. Maman Rolande akafunga kifungo cha shingoni cha gauni lake jeusi, akawaambia watu waje wale, mboga ya sombe inapoa.

Tangu siku hiyo Papa Kalenga hukaa ndani ya unga, na Jumamosi hukalia kile kiti cha profesa. Mgodi bado unachimba. Hénock bado anasaga, kwa kuwa tasnifu haijaisha, ila kabla ya kuwasha mashine humwambia baba yake pardon.

Novemba, siku ya kukumbuka wafu, Sultani akatuma picha. Vigae vilevile vya buluu, maua mapya. Betri ya simu ilikuwa ya moto mkononi mwa Yolande. Mama yake akaomba kuiona, akaitazama sana.

"Banafagia muzuri," alisema, akarudi kupiga pasi gauni jeusi.