Oili ya Kupandia Bugarama

Habari za Najla zilifika Buyenzi, mtaani kwao Bujumbura, mdomoni mwa dereva wa lori la bia. Binti alikuwa amepigwa risasi ya paja kule Muramvya, juu milimani, kidonda kimeanza kuoza, na zahanati imeishiwa dawa. Muuguzi alikuwa amesema ashushwe Bujumbura haraka, la sivyo wajiandae kumzika hukohuko. Malori hayakukubali kubeba majeruhi, maana kwenye kila kizuizi dereva angeulizwa: huyu kapigwa na nani, na kwa nini?

Rachidi, baba yake, alikuwa na gari. Ila kuiita Peugeot ile gari kulitaka moyo. Aliiendesha teksi tangu Najla ananyonya. Namba za kilomita zilikuwa zimefika mwisho, zikaanza upya, zikakwama. Ilikunywa oili kama mgonjwa wa homa anywavyo maji, ikatoa moshi wa buluu, na injini ikishapata moto, taa nyekundu ya oili iliwaka mbele ya usukani. Mjini, kwenye tambarare, alizima akangoja ipoe. Lakini njia ya Muramvya, inayopita Bugarama, ni mlima mtupu, na wakati ule wa vita watu walipanda kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma. Ukiharibikiwa, msafara haukungoji. Wengi waliobaki nyuma waliokotwa kesho yake mtaroni.

Msafara ungeondoka kesho asubuhi. Na mwaka huo wa 1997 nchi ilikuwa imefungiwa mipaka, oili nzuri imekuwa kama dhahabu.

Jirani yake Adrien, dereva wa shirika la misaada, alimletea bidoni, dumu moja la oili mpya, ya magari mapya ya wazungu. Rachidi alijimiminia kidogo kiganjani. Ikakimbia kama maji.

"Umepata?" mkewe Radhia aliuliza, keshafunga kitenge tayari kwa safari.

"Nimepata, lakini si yake. Hii ni nyepesi. Moteri mupya vyuma vyake vimebanana, inaitaka hivi. Yetu imelika, ndani kuna nafasi. Hii itapita tu, nguvu ya kusukuma oili itashuka. Tena itabandua uchafu wote wa zamani, uende uzibe njia."

"We unachagua oili, mutoto anaoza!"

Rachidi aliiweka bidoni garini. Alitoka akaenda soko la Jabe, akitembea kama mtu anayefukuzwa. Huko alikuta bidoni zilizofungwa vizuri, oili nzito nyeusi kama asali ya porini. Alifurahi, akafungua, akanusa. Harufu ya kuungua. Akaisugua kati ya vidole, akasikia chenga. Ilikuwa oili iliyokwishatumika, imechujwa kwa kitambaa na kurudishwa sokoni. Hata hivyo alisimama nayo mkononi kitambo. Uzito wake ulimshawishi. Alijua kwamba akiendelea kusimama pale ataichukua, basi akaiweka chini akaondoka.

Kwa Suud ndiko alikoishia. Suud, ambaye babu yake alitoka Omani, aliuza vipuri Buyenzi tangu ujana wake, na sasa rafu zake zilikuwa na vumbi tu. Alimsikiliza Rachidi mpaka mwisho, akainuka, akampeleka uani. Chini ya turubai ilikuwepo Corolla yake, imelala tangu petroli ilipoadimika.

"Nilibadilisha oili kabla hawajafunga mipaka," alisema. "Nzito, ileile inatakiwa na gari lako. Haikutembea. Lete karai, Baba Najla."

Rachidi alirudi nyuma hatua moja. Buyenzi nzima ilijua ile Corolla ilikuwa ya nini: risasi zikiingia mtaani, Suud apakie wajukuu wake akimbilie Uvira, ng'ambo ya ziwa.

"Apana, Bwana Suud. Na kwako pakiwaka?"

"Kwako pamekwisha waka," Suud alisema, akapiga magoti kufungua nati.

Asubuhi walipanda. Radhia alikaa nyuma, tasbihi mkononi. Kwenye kila kona taa nyekundu ilipepesa, na Rachidi alipunguza mguu, akaibembeleza gari kwa maneno ya chini, na taa ikazimika tena. Walifika Muramvya katikati ya msafara.

Najla hakuwatambua mara moja. Mguu ulikuwa umevimba, unang'aa, na harufu yake ilimfanya Rachidi ageuze uso ukutani asionekane. Walimlaza nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake.

Kabla ya kuondoka na msafara wa kurudi, Rachidi alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka karibu kikavu. Mlima ulikuwa umeinywa oili ya Suud. Nyingine hakuwa nayo isipokuwa ile nyepesi ya Adrien. Aliishika bidoni akasema "Bismillahi", akamimina yote, huku akijua anachofanya.

Haukupita muda. Taa iliwaka, safari hii haikupepesa. Kisha injini ikaanza kugonga, kama mtu aliyefungiwa ndani anayepiga mlango. Magari yaliwapita moja moja. La mwisho lilikuwa lori la wanajeshi. Mmoja aliwapungia mkono wafanye haraka, kisha lori likapotea kwenye ukungu.

Walifika juu Bugarama peke yao. Hapo barabara inapoanza kuteremka, Rachidi alizima.

"Umezima?" Radhia alipiga kelele.

"Mi nimezima. Moteri ikikaza na tunateremka, tairi zitakwama, tutakufa. Mushike mutoto."

Gari likateremka lenyewe, kimya, upepo tu madirishani. Bila injini breki ziligeuka jiwe. Alizikanyaga kwa miguu yote miwili. Harufu ya breki zinazoungua ilijaa. Walipita lori lililochomwa, wakakata kona, na hapo walikuwepo watu wenye bunduki, wamekaa ukingoni wanavuta sigara. Hawakuwa wamesikia gari likija. Rachidi aliwaona wakishtuka, mmoja akiinuka, na yeye akaachia breki. Risasi ilivunja kioo cha nyuma. Radhia alijilaza juu ya binti yake, na mlima ukawachukua.

Waliposimama walikuwa mbele ya kizuizi cha wanajeshi, nyumba za kwanza za mji zikionekana. Rachidi alijaribu kuwasha. Injini ilitoa mlio mmoja wa chuma, ikakaza. Wanajeshi wawili walisaidia kumhamishia Najla kwenye pikapu ya mchuuzi wa makaa.

Mguu ulikatwa jioni hiyohiyo. Daktari alisema angechelewa kidogo tu, hata kukata kusingefaa kitu.

Najla alipofumbua macho aliwaona wazazi wake wamesimama kando ya kitanda, nguo za baba nyeusi kwa oili. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akatazama mlangoni.

"Baba, na Moosa? Mumemuleta?"

Moosa alikuwa mumewe. Aliuawa siku ileile ya risasi, na hapakuwa na mtu Muramvya aliyeweza kuwaambia kazikwa wapi.

"Tumekuleta wewe, mwanangu," Radhia alisema.

Najla akageukia ukuta.