Ng'ombe Wamsikie Sabina

Ukitaka maksai wa kulima huku Magu, usijisumbue kuulizauliza. Utaambiwa nenda kwa Ngosha. Mzee huyu huchukua dume jeuri lililohasiwa juzi, na baada ya msimu mmoja linavuta plau kwa adabu zake zote. Wala hapigi kelele. Anapiga mluzi tu, mrefu wa kuanza, mfupi wa kugeuka, na ng'ombe wanatii. Lakini wanamtii yeye peke yake. Mtu mwingine akijaribu, watamkodolea macho huku wakicheua. Ngosha aliringia jambo hilo kuliko zizi lake lote, na kilabuni alilisimulia mpaka wenzake wakalijua kwa moyo.

Kwa hiyo mvua zikianza, wote aliowafundishia ng'ombe walilazimika kumwita tena aje kuwalimia. Alizunguka mbuga zote za mpunga zinazoteremka hadi ziwani, akiitwa huku na kule, kichwa juu.

Mwaka huu, kabla mawingu hayajakusanyika, akaja Sabina. Mumewe, Alexander, alifariki mwaka juzi akamwachia maksai wawili waliofundishwa na Ngosha, Trekta na Diwani. Huyo Diwani jina alilipata kwa kula sana na kutembea kwa kubembelezwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Sabina. Usihofu, mvua ikinyesha nitakuja kukulimia."

"Sikuja kukuita ulime, baba. Nimekuja uwafundishe wale ng'ombe wanisikie mimi."

Ngosha aliangua kicheko. "Mwanamke kuswaga maksai? Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, ulipofika kwangu mpunga wa wenzangu umeshafika magotini," Sabina alisema bila kupandisha sauti. "Sikulaumu. Wewe ni mmoja, sisi ni wengi. Ila shemeji zangu wameshasema, shamba nikishindwa kulilima mwaka huu wanalichukua."

"Basi nitaanzia kwako."

"Jirani yangu Bernadeta naye umemwambia utaanzia kwake."

Ilikuwa kweli, na Ngosha alimwambia asubuhi ile ile. Miaka yote alidhani kuitwa kila mahali ndiyo dalili ya kazi nzuri. Sasa, kwa mara ya kwanza, aliwaona wale watu walivyokuwa: wamesimama kando ya ng'ombe wazima, wenye nguvu, wakimngoja yeye huku mvua ikiwapita. Aibu ilimshika barabara.

Kesho yake alifika kwa Sabina akaanza kazi, na hapo hapo akagundua kwamba akitamka hata neno moja, ng'ombe wanamgeukia yeye. Basi akaapa kutofungua mdomo mbele yao. Alielekeza kwa mikono. Sabina aliwalisha chumvi kiganjani akiwaita majina, kisha akashika plau, na wifi yake Wilhelmina akatangulia na kamba. Siku za mwanzo zilikuwa kichekesho. Diwani alijilaza chini. Trekta aliwaburuza wanawake wote wawili mpaka kwenye ua wa minyaa. Majirani walikuja kutazama, wakasema Ngosha kawa bubu.

Mdomo ulimwasha, lakini akanyamaza. Wanaume wanaoweza kusimama namna ile, wakatazama kazi iliyowapa jina ikivurugwa, na wasiingilie, hawapatikani wengi. Sabina naye alianguka, akajifuta tope, akashika tena plau. Polepole ng'ombe wakaanza kuizoea sauti yake.

Mvua zikanyesha. Shemeji mkubwa wa Sabina, Malimi, akaja kusimama kwenye kingo za majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mali yake. Jaruba la kwanza lilikwenda vizuri. Katikati ya la pili, Diwani akasimama. Sabina akamwita, hakusogea. Akageuza kichwa taratibu na kumtazama usoni Ngosha, aliyekuwa amesimama kando na majirani.

Watu wote nao wakamtazama Ngosha.

"Mpigie mluzi, mzee, tumalize," Malimi alisema akitabasamu.

Mluzi mmoja tu, na jaruba lingelimwa. Lakini Ngosha alijua kwamba akiupiga leo, Diwani hatamsikia Sabina tena, na mwakani mama huyu atarudi kungoja. Alijua vilevile kwamba asipoupiga, huenda shamba likamtoka leo hii, mbele ya macho yao.

Akageuka, akaanza kuondoka. Alivuka kingo, akashika njia ya kwenda barabarani, mgongo wake kwa ng'ombe. Nyuma aliisikia sauti ya Sabina ikitetemeka. "Diwani! Twende!" Kwato hazikusikika. Akaita tena, na safari hii sauti haikuwa na hofu wala kubembeleza. Ndipo Ngosha akasikia kwato zikichomoka topeni, na udongo ukianza kupinduka.

Hakutazama nyuma, maana machozi yalikuwa yakimtoka.

"Mzee, unakwenda wapi?" Malimi alimpigia kelele, na tabasamu lilikuwa limemwisha. "Ng'ombe wako wanalima!"

"Si wangu," Ngosha alijibu. Alikuwa hajawahi kusema neno kwa furaha namna ile.