Hela ya Mama Haihesabiwi

Mama Pazia alikuwa na ugonjwa mmoja tu usio na dawa, nao ni kumsifu kitinda mimba wake. Wazazi wengine husifu kwa kupima, wakikata kipande kidogo hapa na kipande kidogo pale. Yeye alikunjua jora zima. Mteja akija kuagiza mapazia ya sebuleni, kabla futi ya kupimia haijafika chini ya dirisha alikuwa ameshajua kwamba fundi ana binti, binti ana shahada, na shahada yenyewe si ya mchezo. Watoto wake wawili wakubwa, ambao nao ni watu wazima na kazi zao nzuri tu, walikwisha kuzoea kutajwa mwishoni kama “na wenzake”.

Balaa lilianza siku aliposema binti yake anaandika kodi. Alimaanisha zile amri zinazoandikwa kwenye kompyuta, maana ndivyo alivyolisikia neno hilo kwa vijana. Lakini mtaa mzima wa wafanyabiashara ulisikia kodi ileile ya serikali. Kwa muda, binti akipita tu, mwenye duka la viatu alikuwa anaingiza ndani nusu ya viatu vilivyopangwa kibarazani, na kinyozi anakaa kwenye benchi akijifanya naye ni mteja anasubiri zamu. Ikabidi Kitinda, maana ndivyo wote walivyomwita, apite mlango kwa mlango akieleza kwamba neno sahihi ni msimbo, na kwamba hamjui afisa yeyote wa kodi wala hana mpango wa kumjua.

Kumbe kupita kule ndiko kulikomzalia wazo. Kila alikoingia alikuta simu imejaa meseji za benki, na mwenye duka ameinama anazinakili moja moja kwenye programu ya uhasibu, hii akiiruka, ile akiirudia, huku akimlaani aliyebuni mwisho wa mwezi. Kitinda akaacha kazi ya mshahara, akajifungia chumbani, akaandika msimbo wa kuviunganisha vitu hivyo viwili: akaunti ya benki upande mmoja, programu ya uhasibu upande wa pili. Hela ikiingia au ikitoka benki, msimbo unaiona, unasoma maneno aliyoandika mlipaji, kisha unaiweka mahali pake: mauzo, pango, umeme, vitambaa. Mwenye duka hanakili kitu.

Wakati huohuo umoja wa wafanyabiashara wa mtaa ule ulikuwa unatafuta mtu wa kuwafanyia wote kazi hiyohiyo. Kampuni moja kubwa ilikwisha kuleta karatasi zake za kung'aa. Mama Pazia akasimama kikaoni, akasema karatasi za kung'aa hazijawahi kushona hata mto. Waje karakanani kwake Jumamosi alasiri, binti yake aiunganishe akaunti ya mapazia mbele ya macho yao. Akishindwa, wampe kazi huyo wa karatasi. Alipokaa tu ndipo alipokumbuka kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Akiba ya Kitinda ilikuwa imebaki ya kuungaunga. Asipoipata kazi hii angerudi kuajiriwa, na mama mtu angebaki mtaani akiyatafuna maneno yake.

Aliyefurahia ahadi ile kuliko wote ni seremala, mweka hazina wa umoja. Walimwita Mzee Randa, na si kwa sababu ya mbao peke yake. Neno lako akilishika hulipiga randa mpaka libaki vumbi. Alisema hadharani kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba yeye hampi mtoto wa mtu ufunguo wa akaunti yake kwa sababu mama yake anajua kuongea.

Jumamosi ilipofika, Mama Pazia aliisukuma meza ya kukatia hadi ukutani, akazifunika cherehani, akaazima viti saluni. Kwa kuwa hakukuwa na skrini, alitundika kitambaa cheupe cha bitana mbele ya rafu ya nyuzi, akakinyoosha kwa pasi palepale kilipokuwa kinaning'inia, maana hakutaka kazi ya mwanawe ionekane ina mikunjo. Watu walijaa hadi mlangoni. Kitinda aliwasha kompyuta na projekta. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, kwani benki ilikuwa imechelewesha ruhusa, na ufunguo wa kuisoma akaunti ya mama yake ulikuwa umemfikia asubuhi ileile.

Mzee Randa alitaka kwanza aambiwe habari za huo ufunguo. Kitinda akamwamkia, kisha akamweleza kwamba ni mfululizo wa herufi na tarakimu ambao benki hutoa kwa idhini ya mwenye akaunti, na kwamba huo unafungua dirisha, haufungui mlango. Programu inachungulia inaona, lakini haiwezi kuingiza mkono ikachukua hata senti. Mzee akaguna. Kwa wanaomjua, kuguna kwake ni nusu ya kukubali.

Kitinda akabonyeza. Mistari ikaanza kumiminika kwenye bitana, malipo ya mwaka mzima, kila moja likijipanga chini ya fungu lake bila kuguswa. Watu wakanong'ona. Kinyozi alisema kazi hiyo yeye humchukua Jumapili nzima na ugomvi na mkewe juu. Mama Pazia alisimama kifua mbele kando ya mlango, akijikaza asiseme kitu, na kujikaza kule kulimchosha kuliko kushona.

Kisha jumla ikatokea chini. Kwa hesabu ile, karakana ilikuwa imekula hasara mwaka mzima. Vitambaa vimenunuliwa, umeme umelipwa, pango limelipwa, na mauzo ni kiduchu, ya kununulia pipi.

“Mama Pazia,” Mzee Randa alisema taratibu, “kumbe miaka yote hii unatushonea kwa kujitolea.”

Wakacheka. Chini ya jumla palikuwa na mstari mwekundu ukisema kwamba salio la benki na salio la hesabu hayalingani. Mstari huo Kitinda mwenyewe ndiye aliyeuweka, ili programu ikikosea isikae kimya, na sasa ulikuwa unamshtaki mbele ya watu. Mama Pazia alihisi masikio yanawaka moto. Akajipenyeza hadi mezani, akainama kama anayeokota sindano.

“Sema mtandao,” alimnong'oneza.

Hakuna asiyelijua neno hilo. Ukienda benki, mtandao. Ukienda ofisini kufuata cheti chako, mtandao. Mtandao husingiziwa kila siku na haujawahi kujitetea, na siku ile ungewarudisha watu makwao na nusu ya heshima ya mtu ingebaki salama. Mama Pazia alijua kwamba njia ya mwongo ni fupi, lakini alichohitaji yeye ni hatua chache tu, za kuwafikisha wageni mlangoni.

Kitinda alimtazama mama yake, kisha akawageukia watu.

“Mtandao uko sawa,” alisema kwa sauti ya kusikika. “Kosa ni langu. Huo mstari mwekundu ndio unaosema hivyo, na ni wa kweli. Naomba mnivumilie kidogo, nitalitafuta hapahapa mkiona.”

Mama Pazia angeweza kumfinya. Aliwaza ahadi yake kikaoni, akawaza karatasi za kung'aa, akawaza jinsi kinyozi atakavyoisimulia habari hii kwa kila kichwa kitakachoketi kitini pake. Mtoto ametupiwa kamba, naye kaitazama tu ikipita. Kwa mara ya kwanza alijiuliza kama amemlea mwerevu au mkaidi.

Binti alifungua fungu moja lililokuwa limekaa pembeni, lile ambalo programu haikulijumlisha. Bitana nzima ikajaa. Mama Mapacha, mapazia ya chumba cha watoto. Mama Saluni, nusu ya malipo. Mama wa ghorofa ya pili, pazia la jikoni. Mama Mwalimu. Mama Duka la Maziwa, mara nne. Kitinda alisoma kidogo, akasimama, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mama mtu akadhani analia, akapiga hatua. Alipomfikia akakuta anacheka.

“Nimeliona,” alisema. “Niliuambia msimbo kwamba likitokea neno mama, hela hiyo iwekwe pembeni isijumlishwe. Sasa mapazia nani ananunua? Akina mama. Wateja wote wa mama yangu nimewatupa nje.”

Chumba kikaangua kicheko, lakini cha aina nyingine. Mwenye saluni, ambaye alikuwa ameketi mbele kabisa, akauliza kama ndiyo sababu hakuwahi kupewa risiti. Mzee Randa hakucheka. Aliinua mkono.

“Hiyo amri isome ilivyoandikwa,” alisema. “Nataka kujua mtu mwenye akili zake anaiandika kwa nini.”

Kitinda akasitasita. Alisema si lazima, yeye anaifuta tu. Mzee akasema basi asome kabla hajafuta. Basi akaifungua ile sehemu ya msimbo. Juu ya amri palikuwa na sentensi moja ya lugha ya kawaida, ya zile ambazo mwandishi wa msimbo hujiandikia mwenyewe ili asisahau alikuwa anafikiri nini. Aliisoma haraka haraka, macho yake yakiwa mezani.

“Hela ya mama haihesabiwi.”

Akaeleza kwamba kazi hii aliianza kwa kuijaribu kwenye akaunti yake mwenyewe. Humo mama alikuwa mmoja tu, na alichomtumia hakutaka kiingie kwenye hesabu ya matumizi, kikalinganishwa na nauli na vocha. Baadaye aliijaribu kwa rafiki yake anayeuza vipuri, ambaye wateja wake ni gereji tupu, kwa hiyo neno hilo halikutokea. Amri ikabaki humo imejificha kama msumari kwenye mbao. Mzee Randa alitikisa kichwa kidogo kwa heshima ya msumari.

Mama Pazia hakusikia habari za vipuri. Alikuwa bado anaitazama ile sentensi kwenye bitana aliyoinyoosha kwa mikono yake. Hasira zilikuwa zimemtoka zote, na mahali pake palikuwa pamejaa kitu ambacho hakuwa na neno lake, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno. Aliona fahari, lakini si ile ya kutangazia wateja. Mtoto huyu alikuwa na uongo wa bure mkononi, tena umetolewa na mama yake mzazi, na hakuutumia. Hilo hakulisoma kwenye shahada yoyote.

Kitinda aliifuta amri, akaandika nyingine ya kusoma maelezo yote badala ya neno moja, akabonyeza tena. Akina mama wakarudi mmoja mmoja kwenye mauzo. Jumla ikapanda, hasara ikageuka faida, na mstari mwekundu ukatoweka, kwa kuwa salio la benki na la hesabu yalikuwa yamelingana hadi senti ya mwisho. Watu wakapiga makofi. Ikabaki mistari michache ya njano, iliyokwisha kuhesabiwa ila programu ilikuwa inauliza iiweke kwenye fungu gani.

Mzee Randa, ambaye hapendi kuacha kitu bila kukiparura, akasogea karibu. Mistari ile ilifanana. Ilikuwa inaingia kila mwezi, na maelezo yake ni neno “mama” bila zaidi.

“Huyu mteja simwelewi,” alisema. “Analipa kila mwezi na hajawahi kuchukua pazia hata moja. Ni nani?”

“Ni mimi, mzee,” Kitinda alijibu polepole. “Hela hiyo niliituma kwenye akaunti ya kazi kwa sababu ndiyo niliyokuwa naijua. Naweza kuiweka kama zawadi.”

“Si zawadi,” Mama Pazia alisema.

Wote wakamgeukia. Aliivuta shuka iliyofunika cherehani ya pili, ile kubwa ya kushonea vitambaa vizito, akaweka mkono juu yake.

“Hela hiyo ilinunua hii. Na mapazia ya nyumba za wageni yote yanashonwa na hii. Andika mtaji.”

“Mama, nikiandika mtaji inakuwa na maana yake. Ina maana nina sehemu katika biashara.”

“Mimi nimeuza mapazia tangu hujazaliwa. Najua mtaji maana yake nini. Andika.”

Kitinda akainamia vitufe. Aliyeandika msimbo mzima bila kutetemeka sasa alikosea kuandika neno moja fupi, akafuta, akaandika upya. Mistari ya njano ikahamia kwenye fungu jipya, na programu haikuwa na swali lingine.

Mzee Randa alikwaruza kidevu. Kisha akamwambia Kitinda aje Jumatatu asubuhi kwenye useremala, watakwenda pamoja benki kuomba ufunguo, ule wa dirisha, si wa mlango. Akaongeza kwamba huko kwake wateja wengi wanaitwa Baba Fulani, kwa hiyo ajiandae. Mweka hazina akikubali, umoja mzima umekubali, na watu wakaanza kuandikisha majina yao wakisukumana kama wanaogombea punguzo la bei.

Katikati ya zogo hilo akaingia mwenye nyumba ya wageni, amechelewa, hajui lolote lililotokea. Akamwona binti ameketi mezani amezungukwa na watu wazima wanaomsubiri. Akamuuliza Mama Pazia yule ni nani.

“Mshirika wangu wa biashara,” Mama Pazia alisema kwa utulivu kabisa, akanyoosha gauni lake, akajaribu kuishia hapo. Hakuweza. “Na nimemzaa mwenyewe.”