Rejeta Mpya ya Lori la Mzee

Mama mkwe alikuwa ameshapanda. Amekaa ndani ya lori la marehemu mumewe, mkoba mapajani, kitanda na makabati yake yamefungwa kamba nyuma, na mimi bado nimeinamia injini natoka jasho.

Tangu aanguke bafuni akiwa peke yake, mke wangu alikuwa akimbembeleza ahamie kwetu. Jibu lilikuwa lile lile: atafikiria. Sasa amekubali kwa sharti moja, apelekwe na lori la mzee, si gari lingine. Namjua. Akishuka tu ataingia ndani ya nyumba yake, atafunga mlango, na hatutamtoa tena.

Rejeta ya zamani ya kupozea maji ya injini, ya shaba, ilikuwa imelehemewa mpaka haina tena pa kulehemea. Nikafunga mpya ya aluminiamu, ambayo haikutengenezwa kwa lori hili. Ilikuwa nene kuliko ile ya kwanza. Hata hivyo, kati yake na feni kidole kilipita, na nilipowasha injini feni haikugusa kitu. Shemeji, kaka wa mke wangu, akasema basi twende, jua linapanda.

Nikamwambia kwanza apande, akanyage breki, aweke gia na kuachia klachi taratibu. Akaniuliza kama nalifanyia lori usaili wa kazi. Lakini akafanya. Injini ikajiinua upande mmoja, maana mipira inayoibeba imechoka, na feni ikalamba rejeta. Mlio mdogo tu, kama ukucha kwenye bati. Nikapaza sauti azime injini. Nikapapasa: mkwaruzo, haijatoboka. Ila kwenye kilima cha kwenda kwetu ingetafunwa mpaka maji yote yamwagike.

Mipira mipya haikuwepo dukani. Njia ilibaki moja, kuisogeza rejeta mbele ya fremu yake. Lakini ikikaa pale, uso wa lori, ule wavu wa chuma ambao mzee aliupaka rangi kwa mkono wake, haurudi mahali pake. Shemeji akaninong'oneza tusimwambie, atajionea tukifika. Nikakataa, nikaenda dirishani.

"Mama, uso wa lori hautarudi leo. Nikiurudisha, tutakwama kilimani."

Akaniangalia. "Na bila huo uso, litafika?"

"Nadhani, Mama."

"Marehemu alikuwa anasema 'hakika' kila safari, na tukalala njiani. Funga."

Nikafunga. Bomba la mpira la juu lilifika kwa shida. Nikalikaza mpaka spana ikateleza na kunichuna vidole. Tukarudia jaribio la klachi. Feni haikugusa.

Niliendesha mimi, shemeji akakaa nyuma na makabati. Kilimani macho yangu yalikuwa zaidi kwenye mshale wa joto kuliko barabarani, hadi Mama akasema nimwachie yeye mshale. Ulipanda, ukakaribia wekundu, ukasita hapo. Nilisikia harufu ya maji moto, au ni woga wangu. Tulipofika juu nikataka kuegesha nikakague lile bomba.

"Usisimame hapa," akasema. Alikuwa anatazama kioo cha pembeni. "Bati la nyumba yangu linaonekana. Ukisimama, nitakuomba unirudishe."

Mguu ulikuwa umeshagusa breki. Nikauondoa, nikabadili gia, tukaanza kuteremka, bila kujua kama bomba linavuja.